Wiki ya Kuhesabu Wanaoingia Kitovuni

Ipo nchi moja ambayo ukiitafuta kwenye ramani huioni, kwa kuwa wenyewe waliichukua ramani wakaikunja, wakaikalia. Inaitwa Jamhuri ya Mbeleni, na mji wake mkuu ni Kitovuni. Atakayedhani anaifahamu, hilo ni shauri lake na dhamiri yake.

Mambo yalianzia ugenini. Mkuu wa Mbeleni alikwenda kwenye mkutano wa wakuu wenzake, na alipowasikia wakijisifu kwa mabwawa na treni zao, naye akasimama, akakohoa, akasema kwamba nchini kwake, katika kila watu kumi wanaoingia mjini asubuhi kufanya kazi, saba huingia kwa magari yao wenyewe. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mkuu mmoja tu, mtu mdadisi asiye na malezi, akauliza: "Mmepimaje?"

"Njooni mwone," akajibu Mkuu wa Mbeleni.

Wakasema watakuja. Ijumaa ya wiki inayofuata, saa tatu asubuhi.

Ndipo Waziri wa Mwendo, Mheshimiwa Profesa Injinia Zefania Kibwengo, alipoagizwa apime. Wizara yake ilikuwa na wakurugenzi thelathini na wawili, lakini ilipoulizwa nani kati yao anaweza kuhesabu watu mpaka elfu ishirini bila kupotea, wote walitazama viatu vyao. Ikabidi atafutwe mtu wa nje. Akapatikana Mwalimu Sikudhani Mbwilo, mwanamke wa miaka arobaini na minane, aliyefundisha hesabu kwa miaka ishirini na miwili katika shule ya msingi ya Mvukoni, kitongoji kilichoko upande wa pili wa mto. Ilikuwa likizo, na barua iliyomwita ilikuwa na mihuri sita. Hakuona pa kukatalia.

Akapewa meza, kiti, mwavuli na kidude cha chuma cha kubonyeza kwa kidole gumba, ambacho kila ukikibonyeza namba inapanda moja. Akapewa na fomu yenye safu nne, kila safu na kitufe chake kwenye kidude: gari binafsi, basi, baiskeli, miguu. Akawekwa kwenye daraja kuu, upande wa mjini, pale ambapo kila anayetoka Mvukoni lazima apite; meza yake ndiyo iliyohesabiwa kuwa mpaka wa mji.

Jumatatu saa kumi na moja na nusu alfajiri walianza kuja. Walikuja wapishi, mafundi, wafagiaji, manesi, makarani, wauza maziwa, walinzi wanaokwenda kupokea zamu na walinzi waliochelewa kupokea zamu. Kidole gumba cha Sikudhani hakikupumzika. Saa moja hivi alipita mumewe, Mfaume, fundi wa makochi, na kamba ya kushonea shingoni. Kila siku ya kazi Mfaume alitembea saa nzima kwenda karakana yake Kitovuni, na saa nzima kurudi.

"Mwalimu, nihesabu vizuri," akasema akipunguza mwendo. "Leo nimechana nywele."

"Pita huko, unaziba foleni," Sikudhani akamwambia, na akambonyeza.

Saa tatu ilipotimia fomu ilisema hivi: watu elfu ishirini mia tatu na kumi na sita wameingia. Kwa miguu, elfu kumi na saba na zaidi. Waliobaki walikuwa wa mabasi na baiskeli. Kwa gari binafsi, mia moja na kumi na nane.

Waziri aliisoma fomu ile akiwa ndani ya gari lake, kwa kuwa hakuwa na desturi ya kushuka. Alikuwa akifanya kazi humo, akila humo, akihutubia humo kwa kipaza sauti kilichofungwa juu ya paa. Hata picha yake rasmi, ile inayotundikwa maofisini, ilimwonyesha akiwa nyuma ya kioo, amekaa.

"Mwalimu, hawa watu wa miguu umewatoa wapi?"

"Wametoka makwao, Mheshimiwa."

"Wote hawa?"

"Wote."

"Na huwa wanakuja hivi hivi kila siku?"

"Kila siku ya kazi, Mheshimiwa. Miaka yote."

Waziri akavua miwani akaifuta. "Na hakuna aliyeniambia!" Akairudisha usoni, akasema kwa upole wa kisomi: "Sikulaumu. Kitaalamu, hesabu yako haina kasoro. Wenye kasoro ni watu. Tutawarekebisha watu."

Jioni ile ile ikaundwa nguvu mpya ya dola, ikaitwa Kikosi cha Kutuliza Takwimu.

Jumanne asubuhi Sikudhani alikuta daraja limezibwa, akapitishwa mpaka kitini kwa ile barua yake ya mihuri sita. Watulizaji walisimama mistari mitatu, na kofia za chuma na marungu. Mbele yao alikuwa kamanda wao, Afande Chakupewa, mtu mfupi mwenye sauti nzuri, sauti ambayo ungependa ikusomee taarifa ya habari.

"Wananchi," akasema kwenye kipaza sauti, "Serikali inawapenda. Yeyote ambaye amekuja bila gari, arudi nyumbani akalichukue."

Umati ukacheka. Watu waliangua kicheko cha asubuhi, kile cha kumwona mkubwa akifanya mzaha. Walikuwa bado wanacheka marungu yalipoanza kushuka.

Mpishi mmoja wa hoteli alipigwa taya likahama upande. Mama mmoja aliyekuwa na beseni la vitumbua kichwani alipigwa beseni kwanza, kisha kichwa. Waliokuwa mbele walitaka kurudi, waliokuwa nyuma walikuwa hawajui kuna nini wakazidi kusukuma, na katikati watu wakakanyagwa mpaka mbavu zikasikika. Waliopenya walifika mezani kwa Sikudhani wakitoka damu, naye akawabonyeza mmoja mmoja.

Mfaume hakupenya. Alipigwa rungu la bega karibu na nguzo ya kwanza, akageuka. Sikudhani aliliona bega likishuka, akainuka kitini.

"Karani," Afande Chakupewa akamwita kwa ile sauti yake nzuri, "ukiacha kiti chako, unakuwa mtu wa miguu."

Akakaa.

Nyumbani jioni alimkanda bega kwa maji ya moto. Mfaume aliuma kitambaa mpaka maumivu yalipopungua.

"Kesho baki," Sikudhani akamsihi. "Wiki moja tu hii. Itapita."

"Kuna kochi la watu nimelifumua lote, springi ziko nje. Ana harusi mwenyewe Jumamosi."

"Harusi inaweza kukaliwa kwenye mikeka."

"Mwalimu, wewe umeniona nikienda kazini kwa miaka kumi na tisa. Leo nikae kwa sababu sina gari? Mbona jana sikuwa nalo?"

Sikudhani akabadilisha maji.

Wizarani hesabu ya Jumanne haikumfurahisha Waziri. Ni kweli watu wa miguu walikuwa wamepungua wakabaki elfu tisa, lakini wenye magari nao waliogopa vurugu wakabaki nyumbani, na katika ile mia na kumi na nane walikuja sitini tu. Mkurugenzi mmoja akapendekeza wageni waandikiwe wasije. Akapigwa kofi, akaandikwa kuwa amestaafu. Ndipo Waziri akapata wazo, na wakurugenzi waliosalia wakalipigia makofi kabla hajalisema.

Jumatano yaliletwa darajani magari arobaini ya wizara, yale meusi ya wakurugenzi. Kila mtu wa miguu alikamatwa, akatiwa ndani ya gari, akavushwa daraja. Daraja lenyewe lilikuwa na urefu wa hatua mia nne. Kumi na moja kila gari: saba juu ya viti, wanne kwenye buti. Likivuka halisimami, kwa kuwa muda ulikuwa mfupi. Mlango unafunguliwa, watu wanamwagwa barabarani, gari linageuza kwa kasi kwenda kuchukua wengine. Waliomwagwa walijiviringisha kama magunia. Ambao hawakuwahi kujiviringisha walikanyagwa na gari lililofuata.

"Gari binafsi!" Afande Chakupewa akapiga kelele kila mara. "Karani, andika! Kumi na moja, gari binafsi!"

Kwenye saa moja na nusu buti la gari la saba lilifunguliwa, wakatoka wawili wakikohoa. Wawili wengine hawakutoka. Walikuwa ndugu, wafumaji wa vikapu, na walikuwa wameshikana mikono.

Sikudhani akasimama. "Afande, hawa wamekufa."

"Walikufa kabla ya daraja au baada?"

"Nitajuaje?"

"Kwa kuwa hujui, andika baada. Waliingia jijini wazima, kwa gari." Akainama akaitazama ile miili, akawafumba macho kwa kidole. "Poleni sana," akawaambia.

Mfaume alikuja saa mbili. Bega moja lilikuwa juu na moja chini. Alipoona wanavyotiwa watu ndani ya buti, alikumbatia chuma cha ukingo wa daraja.

"Niacheni! Mimi nina miguu!"

Maneno hayo yaliwaudhi Watulizaji kuliko tusi. Wanne walimbandua kwenye chuma kile, wakamsukuma ndani ya gari. Mguu wake wa kulia ulibaki nje. Mmoja akafunga mlango. Mlango haukufungika. Akaufungua, akaufunga tena kwa nguvu zaidi, na mara ya pili Sikudhani aliusikia mfupa kule alikokuwa, ng'ambo ya hatua mia nne na kelele zote zile. Au alidhani ameusikia. Alichokuwa na hakika nacho ni sauti ya mumewe, ambayo hakuwahi kuisikia ikifika juu kiasi kile.

Gari lilivuka. Hawakummwaga, damu ilikuwa nyingi, dereva akaogopa kuulizwa, akanyoosha moja kwa moja mpaka Hospitali Kuu, katikati ya jiji. Sikudhani alilikimbilia hatua tatu. Mtutu wa bunduki ukamgusa kifuani.

"Umeandika?" akaulizwa.

Akarudi mezani. Akabonyeza upande wa magari. Katika miaka ishirini na miwili hakuwahi kumpa mwanafunzi alama asiyostahili, na sasa kilichomchoma ni kwamba hata hapa hakuwa amedanganya. Mfaume alikuwa ameingia mjini kwa gari.

Siku hiyo asilimia ilifika thelathini na moja. Waziri alikaa garini akiipitia fomu kwa kalamu nyekundu, na ghafla akapiga paja. Aligundua jambo ambalo, kama alivyolieleza baadaye kwenye kipaza sauti cha paa, lilikuwa likimkodolea macho tangu Jumanne.

"Mabibi na mabwana! Majeruhi wote hutibiwa wapi? Hospitali Kuu! Hospitali Kuu iko wapi? Mjini! Na majeruhi huendaje? Je, umewahi kuona majeruhi anayetembea?"

Kwa hiyo Alhamisi hawakuhangaika na mabuti. Walikuja na malori. Kila aliyeonekana akitembea kuelekea darajani alivunjwa, akapakiwa, akaingizwa. Waliokuwa wepesi wa kukimbia walipigwa risasi za miguu. Walioruka mtoni ili waogelee walipigwa risasi za popote, na mto ukawateremsha mpaka kwenye wavu wa mtambo wa maji, ambako lori lilikuwa linawasubiri. Maji ya bomba Kitovuni yalitoka na rangi siku mbili. Sikudhani alibonyeza mpaka kidole gumba kikafanya lengelenge, lengelenge likapasuka, na fomu ikawa na alama nyekundu ambazo hazikuwa za Waziri.

Saa tatu alimwendea Afande Chakupewa. "Naomba ruhusa. Mume wangu yuko hospitali tangu jana. Sijui kama yuko hai."

"Mwalimu, mimi ni binadamu," akasema Afande. "Ingia wakati wowote. Ila usiingie kwa miguu."

"Sina gari, Afande."

Afande akafikiri. Akamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, na kwa kweli usoni mwake hakukuwa na ubaya wowote. "Nikuvunje kidogo?" akauliza. "Mkono tu. Wa kushoto. Lori linaondoka sasa hivi."

Na Sikudhani, mwalimu wa hesabu, alisimama pale akiutazama mkono wake wa kushoto, akiupima. Alikuwa ameshaanza kuunyoosha lori lilipong'oa nanga na kuondoka. Akaushusha. Akarudi Mvukoni akilia njia nzima, si kwa woga, bali kwa sababu alikuwa amekubali.

Asilimia ilikuwa sitini na sita.

Ijumaa hakuja mtu.

Jua lilichomoza juu ya daraja tupu. Huko mjini mikate haikuokwa. Mageti ya wizara hayakufunguliwa, chai haikuchemshwa, na wakurugenzi walikaa nje ya ofisi zao wakingoja mtu wa funguo. Wagonjwa Hospitali Kuu walihudumiwa na manesi waliokuwa wamevunjwa wenyewe. Darajani yalipita magari tisa tu ya wakubwa, na Sikudhani akayaandika. Tisa kwa tisa. Afande Chakupewa akachungulia fomu, akapiga hesabu kwa vidole, akaondoa kofia.

"Asilimia mia," akanong'ona. "Mwalimu, tumefika."

Saa mbili na nusu, upande wa Mvukoni, likatokea kundi la watu. Walikuwa kama mia na ishirini, na walikuwa wanatembea.

Ilikuwa zamu mpya ya Kikosi. Kambi yao ilikuwa ng'ambo, na malori yao yote yalikuwa Hospitali Kuu, yakisubiri kupakuliwa. Wakaona watembee.

"Simameni!" Afande Chakupewa akaita. "Hakuna kuingia kwa miguu!"

"Ni sisi, Afande! Ni Kikosi!" akajibu sajini wao.

"Hata Kikosi!"

"Tumekuja kuwapokea!"

"Rudini mkachukue gari!"

Zamu mpya ikacheka. Walikuwa na haki ya kucheka, wao waliijua kazi hii. Waliendelea kuja, na zamu ya zamani, iliyokuwa na siku tatu bila usingizi na amri moja tu kichwani, ikawapokea kwa marungu. Zamu mpya nayo ilikuwa na marungu. Watu mia mbili waliofundishwa kitu kimoja walikutana kwenye daraja la upana wa hatua kumi. Kofia zilipasuka na vilivyomo. Mtu alimng'ata mwenzake sikio, mwenzake akamwita jina, kwani walikuwa wamelala kitanda cha juu na cha chini. Kisha likaja bomu la machozi, na katika moshi risasi ya kwanza, na baada ya hapo hakuna aliyehesabu risasi.

Ndani ya moshi huo likaingia gari la Waziri, likitoka kwake ng'ambo, na nyuma yake basi la wageni, lenye vioo vyeusi. Bomu moja lilipasua kioo cha mbele. Dereva akafungua mlango akatoweka. Waziri alivumilia kadiri alivyoweza, kisha, kwa mara ya kwanza mbele ya umma, akashuka. Alikuwa mfupi kuliko watu walivyofikiri. Miguu yake, kwa kukosa mazoea, ilikwenda kila mmoja upande wake, na kiatu kimoja kilibaki nyuma. Alivuka daraja akikohoa na kushika ukingo, mpaka akaangukia mezani kwa Sikudhani.

Watulizaji wanne wakamdaka.

"Wa miguu!"

"Niacheni! Mimi ni Waziri!"

"Waziri anatembea?" Wakacheka. Mmoja akatoa kwenye mfuko wa shati nakala ndogo ya ile picha rasmi, akailinganisha. Kwenye picha palikuwa na kioo cha gari, na nyuma yake kivuli cha mtu aliyekaa. "Huyu amesimama," akasema.

"Mwalimu!" Waziri akalia. "Mwalimu Sikudhani! Waambie!"

Afande Chakupewa akatokea katika moshi, jicho moja limefumba kwa damu. "Karani. Huyu ni nani?"

Sikudhani alimtazama Waziri. Neno moja lingetosha. Alilijua, na alijua kwamba akilisema wataamini, kwa kuwa wiki nzima neno lake lilikuwa limeaminiwa kuliko macho ya watu. Akakiona kidole chake gumba kilivyochubuka. Akausikia tena ule mlango wa gari ukifungwa mara ya pili.

"Mimi sikuajiriwa kuandika nani, Afande," akasema. "Nimeajiriwa kuandika ameingiaje."

"Ameingiaje?"

"Kwa miguu."

Akabonyeza mara moja. Walimvunja pale pale, kwa utaratibu, kuanzia chini. Ndani ya basi wageni walisimama wakitazama, na mkalimani wao akawaeleza kuwa ni ngoma ya asili ya makaribisho.

Sikudhani hakubaki kuona mwisho. Aliweka kidude juu ya fomu, akainuka. Hakuna aliyemwambia kitu. Waliokuwa wa kumwambia walikuwa chini. Alitembea barabara tupu ya Kitovuni, na nyuma yake, mmoja mmoja, wakaanza kuvuka watu wa Mvukoni waliokuwa wanatafuta majeruhi wao.

Alimkuta Mfaume wodi ya nne, mguu umening'inizwa kwa kamba na tofali. Kitandani walikuwa wawili. Mwenzake alikuwa Mtulizaji mmoja kijana, taya limefungwa bandeji, aliyeletwa asubuhi ile. Mfaume alikuwa hai. Alikuwa mwembamba kama aliyefunga mwezi, lakini hai. Sikudhani aliketi sakafuni, akaweka kichwa chake kando ya mkono wa mumewe.

Saa saba mchana redio ya ukutani ikapiga wimbo wa taifa.

"Zoezi la kupima namna wananchi wanavyoingia jijini siku za kazi," msomaji akasema, "limekamilika leo kwa mafanikio ya asilimia mia moja. Wageni wamevutiwa sana na utamaduni wetu. Naye Mheshimiwa Waziri wa Mwendo, kama ilivyo kawaida yake, ameingia jijini asubuhi ya leo kwa gari, akiwa amelala chali, akipumzika."

Mfaume akageuza shingo taratibu.

"Kwa gari gani?"

"La wagonjwa," Sikudhani akasema. "Nilipishana nalo njiani likienda kumwokota darajani."

Kwanza ilikuwa sauti ya Mfaume, kama ya mtu aliyekwamwa na kokwa kooni. Kisha ikapokelewa kitanda cha pili, cha tatu, mpaka dirishani. Walicheka wenye mbavu zilizovunjika wakizishika kwa mikono miwili. Mpishi wa hoteli alicheka kwa pua, maana taya halikufunguka. Kijana Mtulizaji alijizuia, akashindwa, akacheka mpaka bandeji ikalowa. Nesi alikimbia toka kitanda hadi kitanda akiwasihi wanyamaze, kwa kuwa nyuzi zilikuwa zinakatika na hakubakiwa na nyingine, na wao, kila walipomtazama, walizidi kucheka, damu ikichuruzika upya kwenye mashuka.